Sufuria Namba Sita

Harufu ilimpokea Inspekta Wubalem getini, kabla binadamu yeyote hajamsalimu.

Haikuwa harufu ya kubahatisha. Ilikuwa nzito, tamu upande mmoja na chachu upande wa pili, na juu yake mtu alikuwa amefukiza ubani, ikawa kama maiti iliyovalishwa suti. Inspekta alivuta ncha ya mtandio wake mweupe mpaka puani. Nyuma yake Sajini Chekol alijaribu ujanja wa kupumua kwa mdomo, na papo hapo akajuta.

"Afande, hii harufu ina ladha."

"Funga mdomo basi."

"Nikifunga naivuta kwa pua."

"Chagua moja, Chekol. Zimebaki saa tatu kasoro robo."

Ndani tu ya geti la maghorofa ya Jemo, Addis Ababa, mwanamume mmoja alikuwa amekaa juu ya godoro lililoviringishwa na kufungwa kamba. Alisimama alipoona sare, akakaa tena, akasimama.

"Wewe nani?" Wubalem alimuuliza.

"Mlinzi mpya, mama."

"Wa zamani je?"

"Wamesema harudi. Saa tisa anapelekwa kwa hakimu."

"Mbona godoro liko nje? Kibanda si hicho hapo?"

Yule mtu alikitazama kibanda cha mabati, mlango wazi, koti kuukuu likining'inia msumarini. "Vitu vyake bado vimo," alisema. "Naona vibaya kulala juu ya mtu."

Wubalem alipenda jibu hilo, akaliweka mfukoni, akaendelea kutembea.

Kesi yenyewe ilikuwa ndogo, na ndiyo maana ilikuwa imeshughulikiwa vibaya tangu mwanzo. Alfajiri ya Pasaka nyumba nane za Jengo la Kumi na Nne zilichinja ng'ombe mmoja wa kuchangia, palepale kwenye banda la machinjio la majengo hayo. Siku hamsini na tano za mfungo watu hao hawakuwa wamegusa nyama, wala maziwa, wala yai. Ng'ombe akagawanywa mafungu manane, kura ikapigwa, na jua lilipochomoza vitu viwili havikuonekana. Cha kwanza, fungu la Mama Etagegn, mjane wa ghorofa ya chini. Cha pili, rimoti ya gari jipya la umeme la Bwana Lemessa, mwenyekiti wa wakazi. Kibandani kwa mlinzi, mzee Birru, ikakutwa sahani ya nyama. Askari wa zamu, ambao nao walikuwa na siku hamsini na tano kooni, walimkamata kwa kasi ya watu wanaosubiriwa mezani.

Asubuhi hiyo Wubalem alikuwa amemtembelea mzee huyo mahabusu. Alimkuta amekaa wima kama yuko lindoni, shuka begani.

"Mzee Birru, kura uliipiga wewe?"

"Kila mwaka ni mimi, binti yangu. Mimi sina fungu, kwa hiyo sina upande. Kila nyumba inatoa kitu chake: huyu kizibo cha soda, yule kijiti, huyu jani la mkaratusi. Vinatiwa kwenye kofia. Nafungwa macho, naweka kimoja juu ya kila fungu. Mimi naweka tu. Aliyepata amepata."

"Bwana Lemessa alitoa nini?"

"Rimoti ya gari." Mzee alitabasamu kidogo. "Mwaka jana alitoa kijiti kama watu wengine. Mwaka huu ana gari."

"Uliijua ulipoishika?"

"Ina mkoba wa ngozi. Kizibo hakina ngozi."

"Ukaiweka wapi?"

"Nilipofunguliwa macho niliiona iko juu ya fungu la ukutani, lile lenye mifupa mingi. Mwenyekiti alinuna. Lenye nundu lilimwangukia Mama Etagegn. Kifungo chake chekundu kilikaa juu ya nundu kama kofia ya askofu. Yeye mwenyewe alikuwa bado kanisani."

"Halafu?"

"Watu wakabeba mafungu yao juu. Mwenyekiti akasema yeye atalinda la mama. Akanituma nifungue geti la nyuma, nikarudi, nikamkuta ameshafungua buti, akataka nimshikie tochi apakie sufuria yake."

"Ulisimama umbali gani?"

"Hatua mbili. Alisema nisimmulike usoni."

Hatua mbili. Wubalem aliandika, akapigia mstari, ingawa wakati huo hakujua kwa nini.

Gari lilikuwa limeegeshwa mlangoni pa banda la machinjio, limefunikwa turubai la buluu mpaka magurudumuni. Chini ya buti mtu alikuwa ameweka chetezo cha udongo, ubani unafuka taratibu. Nzi walikuwa wamelijaza turubai upande ule wa nyuma mpaka rangi yake ikabadilika. Bwana Lemessa alishuka ngazi akiwa amevaa shati jeupe na manukato ya kutosha kuendesha harusi mbili.

"Karibuni, Inspekta. Mtusamehe kwa hewa."

"Hewa?" Chekol aliuliza. "Wapi?"

Wubalem alimkanyaga sajini wake kwa adabu. "Bwana Lemessa, ndani ya gari kuna nini?"

"Fungu langu tu. Lilikuwa liende kwa mama yangu Burayu asubuhi ileile."

"Leo Jumanne."

"Nitafanyaje? Rimoti anayo mlinzi. Mkamueni."

"Rimoti ya akiba?"

"Liliuzwa na moja."

"Hufungui kwa simu?"

"Ile programu inafanya kazi kwao China. Hapa inaniuliza niko jimbo gani."

"Vunja kioo."

Lemessa alimwangalia kama vile amemwambia avunje jino. "Kioo cha gari hili hakipo Addis Ababa nzima. Ungekuwa na gari, Inspekta, ungenielewa."

"Mimi natembea kwa miguu yangu miwili," Wubalem alisema. "Haijawahi kunifungia nje. Hebu niambie, huenda rimoti imo humo ndani?"

Hapo mwenyekiti alicheka. Kilikuwa kicheko kilichofanyiwa mazoezi. "Haiwezekani. Hili lina akili kuliko watu. Ukisahau rimoti ndani ukafunga mlango, linapiga kelele mpaka jirani anaamka, na halijifungi. Linajifunga lenyewe pale tu milango yote imefungwa na rimoti haipo karibu. Sasa piga hesabu. Lilijifunga. Kwa hiyo rimoti haikuwemo. Kwa hiyo ilikuwa mfukoni mwa mtu."

"Wa nani?"

"Nani alikuwa ameshika kura?"

"Ulipofunga buti, mzee Birru alikuwa wapi?"

"Hapa hapa, ananimulika. Mkono mmoja tochi, mkono mwingine mfukoni. Ule mkono niliuona kwa macho yangu mawili."

"Hatua ngapi kutoka ulipo?"

"Mbili. Tatu zikizidi."

"Na gari likajifunga yeye akiwa bado amesimama hapo?"

"Nilikuwa nafuta mikono. Nikasikia tii, likakunja vioo vyake vya pembeni. Nikapapasa mfuko, hola."

"Asante," Wubalem alisema, na safari hii alijua kwa nini anapiga mstari. "Sufuria ilikuwa kubwa kiasi gani?"

Swali dogo, lakini lilimkuta mwenyekiti akiwa hajajiandaa. Aliangalia chetezo. "Sufuria ya kawaida. Ya nyumbani."

"Ina mfuniko?"

"Sikumbuki."

"Siku tatu inanuka hivi, na hukumbuki kama umeifunika," Chekol alimnong'oneza bosi wake walipokuwa wanaondoka. "Mimi nakumbuka mpaka sufuria za majirani."

Mama Etagegn alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pake, anachambua dengu. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye macho yasiyokosa kitu. Koti lake la sufi lilikuwa na vifungo vyekundu vinne na uzi mmoja uliobaki peke yake.

"Pole na sikukuu, mama."

"Sikukuu gani? Nimerudi kanisani saa kumi na moja alfajiri, wajukuu wawili wamesimama na sahani, naambiwa fungu limepotea. Nikawapikia shiro, mchuzi wa unga wa dengu. Siku hamsini na tano za shiro, na ya hamsini na sita shiro." Alitupa jiwe dogo lililojificha kwenye dengu. "Mdogo aliniuliza kama Yesu amefufuka kweli au bado."

Chekol alikohoa kuficha kicheko. Wubalem hakucheka.

"Unadhani mzee Birru ameiba?"

"Birru? Yule mtu mwaka juzi alinifuata mpaka sokoni kunirudishia pini ya nywele."

"Kibandani kwake kulikuwa na nyama."

"Shingo. Shingo ya ng'ombe ni ya mlinzi, kila mwaka, watoto wote wa hapa wanajua. Wale askari wenu hawaijui shingo? Iko wapi hiyo nyama sasa, kwanza?"

Wubalem alimgeukia Chekol. Chekol aliangalia dengu.

"Kielelezo hakionekani kituoni, afande," alisema taratibu. "Tangu Jumapili mchana. Zamu ile ilikuwa na njaa."

Inspekta aliandika hilo pia, akapigia mistari miwili. "Tutaongea baadaye. Mama, nasikia wewe ndiye mtunza vyombo wa chama chenu cha mazishi."

"Mwaka wa tisa."

"Kuna aliyeazima sufuria Pasaka hii?"

Mama Etagegn hakuhitaji hata kuinuka. Alinyoosha mkono ndani, akatoa daftari lililofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli, akalifungua alipotaka bila kulamba kidole. "Sufuria namba sita. Jumamosi jioni. Mwenyekiti. Nimemgongea mara mbili anirudishie, anasema iko kwa mama yake."

"Ni ndogo?"

"Namba sita?" Mjane alimwangalia kwa huruma. "Namba sita tunapikia matanga. Inalisha watu themanini. Ina mfuniko wa kukaza kwa ndoano pande mbili, mtu akijikwaa nayo mchuzi haumwagiki. Fungu moja la ng'ombe ukilitia humo, linacheza chini kama mbaazi."

"Mawili je?"

Vidole vya Mama Etagegn viliacha kuchambua. Alitazama nje, kule kwenye turubai la buluu, halafu akafunga daftari taratibu.

Fundi Nuredin, ambaye Wubalem alikuwa amempigia simu, alifika saa saba na dakika ishirini, akiendesha gari lililofanana na la mwenyekiti kama pacha, isipokuwa lake lilikuwa limebeba abiria mpaka viti vimekonda. Aliteremka, akanusa, akarudi ndani ya gari, akafunga mlango. Wubalem aligonga kioo.

"Mimi mfungo wangu uliisha mwezi uliopita," Nuredin alisema kupitia ufa wa kioo. "Hii adhabu yenu ya Pasaka mnaniletea ya nini?"

"Nataka gari lako kwa nusu saa. Kuna mzee anahukumiwa kwa sababu ya gari kama hili."

Nuredin alishusha pumzi, akaijutia, akashuka.

Walilisogeza gari lake mita thelathini, upande wa upepo. Wakazi walikuwa wameanza kutoka kwenye vibaraza, watoto wametanguliza vichwa. Nuredin alichukua rimoti yake ya akiba, akaenda kuiweka dirishani kwa Mama Etagegn, mbali kabisa. "Nawajua polisi," alisema.

Jaribio la kwanza: Chekol alisimama hatua mbili kutoka kwenye buti, rimoti mfukoni, mkono juu yake, kama mzee Birru alivyosemwa. Nuredin akafunga milango yote. Wakasubiri nusu dakika. Wakasubiri dakika nzima. Gari lilikaa kimya, wazi, vioo vyake vya pembeni vimesimama kama masikio ya punda.

"Linamsikia," Nuredin alieleza. "Rimoti iko hatua mbili, litajifungaje? Mpaka sajini aende kule kwenye mti."

Wubalem alimgeukia mwenyekiti, ambaye alikuwa amesogea karibu bila kualikwa. "Umeniambia mzee alikuwa hatua mbili, mkono mfukoni, gari likajifunga."

"Labda tatu," Lemessa alisema.

"Chekol, hatua tatu."

Gari halikujifunga hatua tatu. Halikujifunga hatua nne. Mtoto mmoja wa kibarazani alianza kuhesabu kwa sauti, wenzake wakamfuata.

Jaribio la pili: rimoti ikawekwa kwenye kiti. Milango ikafungwa. Gari likapiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, watoto wakashangilia.

"Si nilisema," Lemessa aliwahi. "Haliwezi."

"Ulisema. Mama Etagegn, tuazime namba tano."

Namba tano ilikuwa ndogo kidogo, ya aluminiamu nzito vilevile, na ndoano zake mbili. Wubalem aliitia rimoti ya Nuredin kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka chini ya sufuria. Mama Etagegn alikuja na beseni la rojo la unga uliochachuka wa kupikia injera, ule mkate mwembamba wa chachu, akamimina juu yake bila kuulizwa. Mfuniko. Ndoano moja. Ndoano ya pili. Chekol akaitia sufuria kwenye buti, akalifunga.

Hakukuwa na kelele. Sekunde zilipita kama watu wanaopanda ngazi na mizigo. Halafu: tii. Vioo vikakunjika.

"Limejifunga," Nuredin alisema. Alivuta mlango, haukufunguka. "Na rimoti yangu imo ndani, imelala kwenye unga. Hongereni sana."

Wubalem hakuangalia gari. Alikuwa anaangalia shati jeupe la mwenyekiti, ambalo lilikuwa limeanza kumganda mgongoni.

"Halikuisikia," alisema. "Aluminiamu pande zote, na kitu kibichi juu. Gari lina akili, Bwana Lemessa, lakini halina pua. Rimoti haikuwa mfukoni mwa Birru, maana lingemsikia. Haikuwa wazi ndani ya gari, maana lingepiga kelele. Imebaki sehemu moja. Fungua turubai."

"Mtaharibu mipira ya mlango. Mimi sijakubali."

"Nina hati ya upekuzi. Fundi."

Nuredin aliichukua rimoti yake ya akiba dirishani, akafungua gari lake, akatoa kifuko cha mpira cha kupuliza na waya mrefu uliopindwa. Alifunga kitambaa usoni. Aliingiza kifuko kwenye ukingo wa mlango wa gari la mwenyekiti, akapuliza kwa mkono, pafu pafu, mpaka ufa ukatosha kupitisha waya. Kilichotoka kwenye ufa huo kilimfanya ageuze shingo na kukaa hivyo, akiuongoza waya kwa kukisia. Mlango ukalia. Akabonyeza kitufe cha buti, akakimbia.

Buti liliinuka lenyewe, polepole, kwa adabu zote, kama mhudumu anayefunua sahani.

Nzi walitoka kwanza, kwa pamoja, na sauti yao ilikuwa kama ya mtu anayevuta kiti kikubwa sakafuni. Kapeti ya buti lile jipya ilikuwa imelowa maji meusi ya kunata yaliyokuwa yakitoka chini ya mfuniko. Joto la siku tatu lilikuwa limeusukuma ukainama. Kitu cheupe kilikuwa kinatambaa kwenye ndoano. Kilikuwa na wenzake. Sajini Chekol alikwenda nyuma ya jiko la wakazi na kurudisha kifungua kinywa chote.

Namba sita. Ilikuwa imechorwa kwa rangi nyekundu ubavuni.

Wubalem alivaa glavu mbili juu ya mbili. Alifungua ndoano. Alikuwa ameona mengi katika miaka kumi na tisa ya kazi, lakini hakuwahi kuona chakula kikimtazama. Mabuu yalijaa juu kama wali unaochemka. Chini yake nyama ilikuwa ya kijani na zambarau, inateleza, inafuka, imejaa mpaka shingoni mwa sufuria. Fungu moja halijai namba sita. Alizamisha mkono. Ulikuwa moto humo, na hilo ndilo lililomchukiza kuliko yote, kwamba ule uozo ulikuwa na joto la kitu kilicho hai. Alipapasa mbavu, mafuta, kitu laini kilichomeng'enyeka vidoleni. Akafika chini kabisa. Akakuta ngozi.

Alitoa rimoti ikiwa imevaa mafuta kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

Vibaraza vilitoa sauti moja, ya chini. Lemessa alikuwa wa kwanza kusema.

"Basi ilidondoka. Bahati mbaya. Nilikuwa na haraka, nikaisahau juu ya nyama, nikaifukia. Makosa ya kibinadamu. Nitamwomba mzee msamaha, tumalize."

"Subiri."

Mkono ulirudi ndani. Safari hii haukwenda chini, uliishia katikati, kwenye donge kubwa la mafuta ambalo hata sasa umbo lake halikudanganya mtu: nundu. Alilipindua. Ubavuni mwake, kimegandamana na mafuta, kimezama nusu, kilikuwepo kifungo cha koti. Chekundu.

Mama Etagegn alikuwa amesimama nyuma yake, mtandio puani. Alikiangalia kifungo, akaugusa ule uzi mtupu kwenye koti lake, akaenda kukaa kwenye kigoda chake.

"Hiki nacho kilidondoka?" Wubalem aliuliza.

"Nilitaka kubadilishana tu," Lemessa alisema. Sauti ilikuwa imepungua. "Mama yule ana wajukuu wawili. Mimi ukoo wangu wote uko Burayu, wananiita mwenyekiti. Niwapelekee mifupa?"

"Ulimbadilishia na nini? Mafungu yote mawili yamo humu."

Lemessa alijifuta shingo kwa mkono wa shati.

"Ulimtuma mzee geti la nyuma, ukamwaga la mama juu ya lako kabla hajarudi. Haraka ya mwizi ndiyo iliyoifukia rimoti. Ulijua lini kuwa imo humu?"

"Jumapili. Mchana."

"Mzee Birru alikuwa ameshakamatwa?"

"Tangu asubuhi."

"Jumapili mchana ungevunja kioo. Nyama ilikuwa bado nyama, wale watoto wangekula, mzee angelala kibandani kwake."

Lemessa aliangalia vibaraza, ghorofa kwa ghorofa, kisha akaangalia viatu vyake. "Kulikuwa na watu," alisema. "Wote walikuwa nje. Wangeona."

Wubalem alivua glavu, moja, mbili, tatu, nne. Aliangalia saa: nane na dakika hamsini.

"Chekol, umemaliza huko nyuma?"

"Nimebakiwa na roho tu, afande."

"Mwenyekiti tunakwenda naye kwa hakimu. Rimoti na kifungo tia kwenye bahasha. Sufuria ni kielelezo cha tatu."

"Nani ataibeba?" Chekol aliuliza kwa woga.

"Iko kwa jina la nani kwenye daftari?"

Ndiyo maana watu wa Jemo, alasiri hiyo, waliona gari la polisi likipita na mtu wa shati jeupe amekaa nyuma, sehemu ya wazi, pingu mikononi, amepakata sufuria namba sita mapajani. Kwenye kila tuta la barabarani mfuniko ulifunguka kidogo na kujifunga, kama unataka kusema kitu. Mtaa mzima uliziba pua. Walimtangulia mzee Birru kwa hakimu kwa dakika nne. Hakimu alisikiliza mpaka kifungo, akaomba kielelezo cha tatu kibaki nje, akaomba dirisha lifungwe, akamwachia mzee huru kwa sauti iliyopitia kwenye leso.

Saa kumi na moja Wubalem mwenyewe alimrudisha getini. Mzee alishuka, akajinyoosha, akaanza kwa kuukagua mlango wa geti, komeo la juu na la chini. Mlinzi mpya alikuwa ameshasimama, godoro kichwani, yuko tayari kuondoka.

"Unakwenda wapi na njaa?" mzee alimuuliza. "Weka hilo godoro. Kula kwanza, halafu utanisaidia kufunga geti."

Maana chakula kilikuwepo. Mlangoni pa kibanda zilikuwa zimepangwa sahani sita zilizofunikwa, moja ya kila nyumba iliyobeba fungu lake na kwenda kulala. Waliozileta walikuwa wameziacha na kupanda ngazi haraka, na hata sasa pazia zilikuwa zinatikisika bila upepo. Mzee hakuziangalia pazia. Moja aliituma kwa wajukuu wa Mama Etagegn. Ya pili alimpa mlinzi mpya. Ya tatu aliifunua, akachagua pande nono lenye mafuta, akalikunja kwenye injera kwa vidole vyake, akamnyooshea Inspekta mdomoni, kama mtu anavyomlisha mgeni anayemheshimu.

"Kula, binti yangu. Siku hamsini na tano."

Mafuta yalimeta. Wubalem alirudi hatua moja. Halafu ya pili.

"Mzee," alisema, na mkono wake mwenyewe ulikuwa umeshafika mdomoni, "usinielewe vibaya. Hamna shiro?"

Mzee Birru alimtazama, akalitazama pande la nyama, akalitia kinywani mwake mwenyewe, na alipokuwa anatafuna mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko ambacho alikuwa amekiweka siku tatu.

"Mama Etagegn," aliita kuelekea dirisha la chini, mdomo umejaa. "Leta shiro. Tuna mgonjwa."